Swichi ya Muyinga

Riziki alipanda gari la shirika la misaada Jumanne asubuhi akiwa hoi kabla hata safari haijaanza. Mapajani alikuwa na kitabu, kama nina haki ya kukiita kitabu: ilikuwa fotokopi ya fotokopi, kurasa mia nne zilizoshonwa kwa uzi, michoro imefifia hata hujui mstari upi ni waya na upi ni uchafu wa mashine. Alikuwa akisomea mtihani wa mitandao ya kompyuta. Mtihani wenyewe ulikuwa Jumamosi, Bujumbura, na hii ilikuwa mara yake ya tatu kuungoja. Si kwamba alishafeli, la. Mara ya kwanza barabara ilifungwa kwa mapigano. Mara ya pili mabomu yaliangukia mtaa wa jirani na chumba cha mtihani, msimamizi akapanda ndege akaenda zake. Miaka miwili mtu mzima anasoma sura zilezile, anazisahau, anazisoma tena. Nani asingechoka?

Na mtihani huo haukuwa wa kujifurahisha. Ofisini Gitega, Riziki alikuwa fundi wa kompyuta wa mkataba wa mwezi mmoja mmoja, na kila mwisho wa mwezi alikaa roho mkononi akingoja kuambiwa kama bado yupo. Parfait, mkuu wa ofisi, alikuwa amemwambia bila kuzunguka: lete cheti nikupe kazi ya kudumu, usipoleta wataleta fundi kutoka nje. Nyumbani kwao Nyamugari walikuwa wanne wanaomtegemea, mama yake na wadogo zake watatu, na baba alikuwa ameuawa mwaka wa tisini na tano, cherehani zake zikaibwa siku hiyohiyo. Msafara wa kwenda Bujumbura, ule unaosindikizwa na askari, ungeondoka Gitega Alhamisi asubuhi. Jina la Riziki lilikuwa kwenye orodha ya msafara. Akiukosa, ndiyo basi tena.

Ila Jumanne hiyo gari halikuelekea Bujumbura. Lilielekea Muyinga, ambako tangu Ijumaa jioni kompyuta tano za ofisi ndogo zilikuwa zimenuniana. Hazizungumzi zenyewe kwa zenyewe, hazizungumzi na Gitega. Ndani ya kompyuta hizo mlikuwa na majina ya watu waliokuwa wakirudi kutoka kambi za Tanzania. Bila majina malori hayapakiwi, na bila malori watu zaidi ya elfu moja wamekaa uwanjani na watoto wao wakingoja maharage. Riziki alikuwa amejaribu kutengeneza kwa simu Jumamosi, Jumapili na Jumatatu, mpaka sikio likamuuma.

"Dada, hiyo kitabu utaisoma mpaka herufi ziishe," alisema Baguma, dereva, Mkongomani wa Bukavu aliyekimbia vita vya kwao akaangukia vya wenzake.

"Wacha ziishe, nipumzike."

"Utapita tu. We uko na kichwa."

"Kichwa iko, Baguma. Usingizi ndiyo haiko."

Baguma akacheka, akapunguza mwendo. Kizuizi cha tatu. Askari akafungua mlango wa nyuma, akapekua mfuko wa vifaa, akashika koleo ya kubania nyaya akaigeuzageuza. Riziki akaeleza ni ya nini, kama alivyoeleza kwenye vizuizi viwili vya kwanza, kwa maneno yaleyale.

Walifika Muyinga saa sita. Mlangoni alisimama mzee Kassimu, planton wa ofisi, maana yake mlinzi, mfagiaji, mfungua milango na mchemsha chai kwa mpigo. Zamani alikuwa fundi cherehani kule Buhinyuza, na waliomjua walisema shati lake ungeweza kulivaa ndani nje na asijue mtu. Vita vilimchomea duka. Kofia yake ya kufuma ilikuwa nyeupe pe, na sakafu ya ofisi ungeweza kulia chakula.

"Karibu mwanangu. Pole na njia. Umekula?"

"Bado, baba. Kwanza nione huyu mgonjwa."

Sasa sikilizeni ujinga wa uchovu. Kitabu kinasema, na Riziki alikuwa amepigia mstari mara tatu: kosa likitokea, anza chini kabisa, kwenye waya, halafu upande hatua kwa hatua. Je, alianza chini? Wapi. Alianza juu kabisa, kwenye dishi la setilaiti juu ya paa, kwa sababu mwezi uliopita shida ilikuwa dishi. Akapanda ngazi, akalizungusha, akashuka. Akabadilisha anwani za kompyuta zote tano, akazirudisha zilivyokuwa. Akazima, akawasha. Magharibi ikaingia hajapata kitu, akaenda kulala kwa dada yake Kassimu na viatu miguuni.

Jumatano asubuhi simu ya Parfait ikalia kabla hajaweka mfuko chini. "Riziki, siku ya tano hii. Wafadhili wananiuliza kwa nini malori yamelala. Nitawajibu nini?"

"Natafuta, Chef."

"Tafuta na upate. Na nikitaka ripoti, nataka jina. Si mambo ya 'mtandao ulianguka'. Mtandao hauanguki wenyewe, kuna aliyeuangusha. Kama ni fundi, niambie leo, nikutoe kwenye msafara. Siwezi kumpeleka mtihani mtu aliyelaza malori."

Alipoweka simu alitazama saa. Saa tisa alasiri vizuizi vya Karuzi, kwenye njia ya kurudi Gitega, vinafungwa. Asipoondoka saa sita hivi, atalala Muyinga, na Alhamisi msafara utaenda na kiti chake kitupu.

Akaketi sakafuni mbele ya swichi. Hicho ni kisanduku chenye matundu kumi na sita, nyaya zote za ofisi hukutana humo, na kila tundu lina kitaa chake cha kijani. Vitaa vikiwa na afya huwakawaka ovyo, hiki sasa, kile baadaye. Hivi vilikuwa vinawaka na kuzima vyote pamoja, kasi moja, bila kupumzika, hata vya kompyuta ambazo hakuna mtu aliyezigusa. Ndipo Riziki akafanya kitu ambacho angekifanya tangu jana kama angekuwa na akili zake: akahesabu. Kompyuta tano, mashine ya kuchapa moja, mashine ya dishi moja. Jumla saba. Ncha za nyaya zilizochomekwa: tisa.

Alifuata moja moja kwa kidole. Ya tano ilishuka nyuma ya kabati, ikapita chini ya meza ya wageni, ikarudi, ikaingia tundu la kumi na nne la swichi ileile. Waya mmoja, ncha mbili, kisanduku kimoja. Ujumbe ukiingia humo unatokea huku, unarudi kule, unazaliana kila mzunguko, mpaka njia yote inajaa na hakuna anayepita. Sura ya saba. Alikuwa ameisoma labda mara kumi. Swichi za bei kali hulitambua kosa hili zikalizuia zenyewe, lakini hii haikuwa ya bei kali.

Akachomoa ncha moja. Vitaa vikatulia, vikaanza kuwaka ovyo, kimoja kimoja. Chumba cha pili mtu akapiga kelele kwamba Gitega inaonekana.

Riziki hakufurahi. Alibaki pale chini ameshika ile ncha.

"Baba Kassimu, hii nani aliweka hapa?"

"Ni mi, mwanangu." Mzee aliinama kutazama. "Ni ule waya ya mkaguzi, yule alikuja kuangalia hesabu. Yeye alienda na kompyuta yake, waya ikabaki kwenye meza. Ijumaa mvua ilikuja na radi, nikatoa zote, unajua vile radi inachoma. Mvua ikaisha nikarudisha. Sasa hiyo moja ncha yake ilikuwa inaning'inia, nikaitafutia tundu. We ulisema."

Kweli, Riziki alikuwa amesema. Wiki tatu nyuma mvua kama hiyo ilinyesha, Kassimu akachomoa nyaya, akaziacha zimelala, na asubuhi ofisi nzima ikampigia Riziki simu. Alikuwa katikati ya sura ya tano, ana homa, akajibu kwa hasira. Maneno yake mwenyewe: mzee, mvua ikiisha rudisha kila waya, sitaki kuona hata ncha moja inaning'inia. Na anamwambia nani? Fundi cherehani. Mtu aliyeishi miaka arobaini akiona uzi uliolegea kama aibu ya uso.

Basi kosa lilikuwa la nani? Riziki alilijua jibu palepale, wala hakuhitaji kitabu.

Saa tano na nusu Parfait akapiga tena. "Nimeona Gitega inapata majina. Hongera. Ni nani?"

Riziki alitazama dirishani. Baguma alikuwa anafuta kioo cha gari. Akilini akamwona mama yake, akaona mwisho wa mwezi, akaona kiti kwenye msafara.

"Ni planton," alisema. "Alichomeka waya."

"Andika, na atie sahihi. Ripoti iwe mezani kwangu leo."

Akaandika kwa Kifaransa, mistari mitano. Mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko kawaida, na hilo lilimchukiza. Mlinzi, aliandika, alichomeka waya kwenye swichi bila maelekezo ya fundi. Kisha akaleta kidau cha wino, maana Kassimu husoma Kurani lakini Kifaransa hajui kukisoma wala kukiandika, sahihi yake ni kidole.

"Nisomee kwanza, mwanangu. Mi siweki kidole kwa kitu sijui."

Riziki akasoma kwa Kiswahili. Tarehe. Siku tano za malori. Mlinzi alichomeka waya kwenye swichi. Yale maneno mengine, bila maelekezo ya fundi, hayakutoka. Ulimi uliyafikia, ukayaruka.

"Ni kweli," alisema Kassimu. "Ni mi niliweka, mikono yangu. Siwezi kukataa." Akabonyeza kidole kwenye wino, akakibonyeza kwenye karatasi, akakifuta vizuri na kitambaa. "Na we uende mapema, njia si nzuri. Tutakuombea kwa mtihani."

Njiani Baguma aliuliza kwa nini hasomi leo. Riziki alisema kichwa kinamuuma, na haukuwa uongo.

Msimhukumu haraka. Au mhukumuni, mimi mwenyewe sijui. Alhamisi alikaa kwenye msafara kati ya gunia na mama mmoja wa Buraza aliyekuwa akisali njia nzima, na Jumamosi alifanya mtihani. Aliulizwa mambo mengi na mkono ukajibu wenyewe. Alipita. Msimamizi alimpa mkono, akamwambia ni wanawake wachache waliofika hapo. Jioni ile alilala kwa muda wa saa kumi na nne, na alipoamka alikuwa amechoka vilevile.

Kassimu alifukuzwa Jumatatu iliyofuata. Ni Baguma aliyeleta habari, na hakusema neno la ziada. Riziki alipewa kazi ya kudumu, meza yenye droo, na swichi mpya ya kupeleka Muyinga. Mama yake alipika pilau, majirani wa Nyamugari wakaja kula. Riziki hakula, alisema anaumwa tumbo.

Ikapita miezi minne. Siku moja mchana Baguma akampa barua. Mwandiko ulikuwa wa Latifa, binti yake Kassimu, maneno ya Kassimu mwenyewe.

"Mwanangu Riziki, salamu sana. Tulisikia umepita, tulifurahi hapa nyumbani, mama Latifa alisoma dua. Mi bado nakaa tu. Sasa kuna masista wamefungua kituo cha afya, wanatafuta planton. Wanaomba barua ya mtu wa kazi ya zamani, aseme nilikuwa mtu gani na kwa nini nilitoka. Mi simjui mwingine wa kuomba, we ndiye mwenye cheti. Waambie tu kile unajua, kama mi nafanya vile naambiwa."

Riziki aliisoma mara moja. Hakuhitaji mara ya pili. Akafunga mlango, akalia kwa sauti ndogo kama mtu anayeumwa jino, kisha akachomoa karatasi ya ofisi.

Aliandika kwamba mzee Kassimu ni mwaminifu, msafi, na hajawahi kuchelewa. Akafika kwenye sababu ya kutoka kazini. Kisha akaandika: alifukuzwa kwa kosa ambalo si lake. Mimi nilimpa maelekezo mabaya, yeye akayafuata, na mimi nikaandika ripoti ya uongo ili niende mtihani. Akatia jina lake lote, na cheo chake kipya chini.

Alimpelekea Baguma uani, aliyekuwa akijiandaa kurudi Muyinga. Bahasha haikufungwa, na Baguma hakuwa mtu wa kuacha kitu wazi bila kuchungulia. Alisoma akiwa ameegemea gari, midomo ikitembea. Alipomaliza alikunja karatasi polepole.

"Dada, masista watampigia Chef simu kuuliza. Kesho tu."

"Najua."

"Na hiyo kazi yako?"

"Nenda, Baguma," alisema Riziki. "Vizuizi vinafungwa saa tisa."