Mwisho wa Gesti ya Bi Stamili

Safari hii nilipofika Rebero, hapa Kigali, nilikuta geti la kwa Njoroge limefungwa kwa kufuli, na mwenyewe yuko ndani.

"Ngoja Wanjiru arudi kanisani," akaniambia kupitia upenyo. Niliona jicho moja na nusu ya kofia.

"Ufunguo wako uko wapi?"

"Nimepokonywa."

"Umefanya nini?"

"Nimezeeka," akasema, akacheka peke yake.

Mimi sikai mahali pamoja. Nilizaliwa Karagwe, wazazi wangu wakimbizi kutoka huku Rwanda, na tangu hapo nimelala Bukoba, Goma, Kasese, Mwanza, kokote palipokuwa na kazi au rafiki. Njoroge tulijuana kwenye karakana ya malori Kampala, yeye akichomelea vyuma, mimi nikipaka rangi. Baadaye alihamia Kigali, akafanya kazi miaka kadhaa, akarudi kwao Kenya. Mkewe alipofariki, binti yake Wanjiru, ambaye ana kazi nzuri ya ofisini kule Kanombe karibu na uwanja wa ndege, akamleta huku aishi naye. Kila nikipita Kigali nafikia kwao. Sasa mtu aliyezoea kutembea mji mzima, leo namkuta nyuma ya kufuli kama kuku!

Wanjiru alirudi, akanipokea vizuri, akanipa chai. Kisha akaniita jikoni, akapunguza sauti.

"Baba Mdogo, usinione mbaya. Mwezi uliopita aliacha gesi inawaka akatoka. Halafu alipotea, nikampata Kanombe, amekaa nje ya ofisi yetu, anasema amekuja kunisalimu."

"Labda alikuja kukusalimu."

"Siku ya sikukuu? Ofisi imefungwa?" Akaanza kumenya viazi. "Na kuna kingine. Anaona vitu ambavyo havipo. Anasema ameona mwisho wa Gesti ya Bi Stamili."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Kwa asiyejua, Gesti ya Bi Stamili ulikuwa mchezo wa televisheni uliotengenezwa Tanzania. Mjane ana nyumba ya wageni mpakani. Siku moja anakuja mgeni aitwaye Chande, ana sanduku limefungwa, analala siku chache, anatoweka, sanduku analiacha. Bi Stamili anakataa kumpangisha mtu mwingine chumba kile. Watu wanamsema, wanamcheka, yeye analinda sanduku la watu. Mchezo wote ndio huo, lakini ulitushika kooni. Ukaonyeshwa muda mfupi tu. Kipindi cha mwisho Bi Stamili anachukua nyundo, anasimama mbele ya sanduku, anainua mkono. Basi. Wiki iliyofuata wakaweka mieleka. Hawakueleza kitu mpaka leo.

"Mwisho haupo, Baba Mdogo," Wanjiru akasema. "Haukupigwa hata picha. Sisi wapenzi wa mchezo, kwenye kundi letu la simu, tulimtafuta mmoja wa waigizaji, akatuambia mwenyewe. Na Baba anaueleza kila jambo, nguo, maneno, kila kitu. Nimeongea na shangazi wa Nyahururu, Kenya. Jumamosi nampeleka akakae kwake. Kule kuna watu nyumbani mchana kutwa."

"Yeye anataka?"

Aliosha kisu ambacho kilikuwa kisafi.

"Leo wanakuja watu wa kundi tule pamoja," akasema. "Nakuomba, akianza habari za mwisho, mgeuzie maneno."

Walikuja wawili. Jeremiah, Mkenya wa makamo, mtu wa bima, tai mpaka Jumapili. Na Swafiya, mama wa Tanga anayeuza vitenge mjini, sauti yake iliingia sebuleni kabla yake. Tulikula mukimo wa viazi na nyama, na isombe, majani ya muhogo, aliyoleta Swafiya kwenye bakuli kubwa. Kama ilivyo kwa watu waliopenda kitu kimoja, swali la kwanza lilikuwa: wewe ulikipataje?

"Mimi kwa kinyozi," Jeremiah akasema. "Eldoret. Nimenyolewa upande mmoja, mchezo ukaanza. Kinyozi akaweka mashine chini. Akasema, 'Bosi, subiri, tuone huyu mama anafanya nini.' Nikakaa na kichwa nusu mpaka mwisho. Wiki iliyofuata nikarudi, nywele hata hazijaota."

"Afadhali wewe ulikalishwa kitini," Swafiya akasema. "Sisi nyumbani televisheni haramu. Nilikuwa natazama kwa jirani, nimesimama dirishani nje, nashika nondo. Mume wa jirani akifunga pazia, nagonga. 'Nani?' 'Ni mie, naomba chumvi.' Kila wiki naomba chumvi! Mpaka yule baba akaniuliza, kwenu mnapika bahari?"

Wanjiru aliuona chuoni, wakati wa mgomo. Wanafunzi wote wameambiwa waondoke, yeye na wenzake wakajificha kwa mlinzi wa bweni, mwenye televisheni ndogo juu ya ndoo. Mimi niliupata hospitalini Mwanza, mguu umevunjika, televisheni iko juu ya mlango wa wodi. Daktari aliponiambia nimepona, nilimwomba aniache mpaka Alhamisi. Akaniuliza, mzee, bado unaumwa? Nikamwambia, hapana, namngoja Chande.

Walicheka, na mimi nikasahau niliyoagizwa jikoni, kwa sababu Njoroge alikuwa ametulia anakula. Kumbe anangoja zamu yake.

"Chande alirudi," akasema.

"Baba," Wanjiru akasema.

"Acha niseme, nao wameuliza. Alirudi. Bi Stamili alivunja kufuli la sanduku, ndani akakuta kanzu ya mtoto. Kanzu ya mdogo wake aliyepotea wakikimbia vita. Chande ndiye huyo mdogo wake, alikuja kumwangalia kwanza kama atamtambua. Bi Stamili akakaa chini. Chande akaingia mlangoni. Akamwambia, dada, twende nyumbani. Wakafunga gesti, wakaenda kupanda basi Nyabugogo."

Jeremiah aliweka kijiko chini. "Wapi?"

"Nyabugogo."

"Mzee, Nyabugogo hii yetu? Stendi ya Kigali? Bi Stamili wa Tanzania?" Akacheka, hakuwa na ubaya, alicheka tu. "Angepitia wapi, angani?"

Swafiya alimpiga Jeremiah kofi la bega. "Nyamaza wewe, kichwa nusu." Akamgeukia Njoroge, taratibu. "Mzee wangu, umeota. Hata mie namwota Chande. Kijana alikuwa mzuri yule."

"Sikuota. Niliona kwa macho. Kwenye kioo."

"Uliona wapi?"

"Hapa Kigali. Nyakabanda."

"Huku haukuonyeshwa, Baba," Wanjiru akasema. Sauti yake ilikuwa imekwisha. Njoroge alitazama nyuso zetu moja moja, na nikaona kitu ambacho sijawahi kukiona kwake tangu Kampala. Alianza kujitilia shaka mwenyewe. Akashika sahani yake, akaiacha.

"Labda niliota," akasema.

Hilo ndilo lililonitia hofu. Mtu mgonjwa wa akili habishi hivyo na kuacha. Na lile neno Nyabugogo likanikaa kichwani. Mwota ndoto anaota popote, lakini nimezunguka na watu wa hapa, nimekaa nao kwenye vibanda vya video. Filamu ikitoka nje, ya Kichina, ya Kihindi, ya Kinaijeria, hapa ina mfasiri wake. Anakaa na maikrofoni, anapunguza sauti ya filamu, anawasemea watu wote kwa Kinyarwanda, wanaume, wanawake, mpaka mbwa. Wanaziita agasobanuye. Na mfasiri mzuri hasemi mji ambao watu wake hawaujui. Nimewahi kumwona bingwa wa kung-fu akiapa kulipiza kisasi kisha akaenda kukata tiketi Nyabugogo.

"Njoroge," nikasema, "huko Nyakabanda uliona kwa nani?"

"Kwa Kaze. Nyuma ya mafundi seremala. Tulikuwa tunaenda Jumapili baada ya kazi."

"Bi Stamili alikuwa anaongea lugha gani?"

Akafikiri. "Kinyarwanda," akasema, kama mtu aliyeguswa bega. "Sijui kwa nini. Kinyarwanda."

Nilisimama. "Wanjiru, vaa viatu."

Jeremiah ndiye aliyetupeleka kwa gari lake, Swafiya akakataa kubaki. Mimi nilikuwa nimejivika ushujaa, lakini njiani nikaanza kuogopa. Kama Kaze hayupo, au amekufa, au hakumbuki, nitakuwa nimemfungia rafiki yangu virago kwa mkono wangu.

Kibanda cha video hakikuwepo. Mafundi seremala wapo, wanasugua vitanda, lakini nyuma yao pana maduka ya nguo na viatu, na spika kubwa mlangoni, na mtu amekaa kwenye kiti cha plastiki na maikrofoni, anaita wateja. Sauti ile ilikuwa nene, inateleza. Njoroge alisimama.

"Kaze," akasema.

Mtu yule alitazama juu. Alikuwa na mvi sasa. "Eee! Njoroge wa kuchomelea! Muzehe, uko mzima? Walisema ulikufa Kenya!"

Wakakumbatiana. Nikamvuta Njoroge pembeni, nikamwambia usiseme chochote, hata ukiwashwa ulimi. Wanjiru akajitokeza mbele. Alikuwa amesoma, anafanya kazi na wazungu, lakini pale aliuliza kama mtoto.

"Kaka, uliwahi kufasiri mchezo unaitwa Gesti ya Bi Stamili?"

Kaze alikuna kichwa. "Nilifasiri filamu mingi sana, dada. Mingi. Iko ile ya nyoka, iko ile ya mapacha…"

"Mama mwenye nyumba ya wageni. Mgeni ameacha sanduku."

"Sanduku." Akatikisa kichwa. "Sanduku, sanduku. Hapana. Hiyo sikumbuki, dada."

Wanjiru aligeuka kumtazama baba yake, na macho yake yakajaa. Njoroge alikuwa anatazama chini. Nami nikatamani ardhi, basi, ipasuke inimeze.

"Wewe Kaze, huna aibu?" Sauti ilitoka duka la pili. Mwanamke mnene, kanga kiunoni, viatu vya mtumba vimemzunguka. Baadaye nilijua anaitwa Mukashema. "Humkumbuki Stamili? Na uliwaliza watu wote hapa! Mume wangu alilia mpaka akasingizia moshi!"

"Stamili…" Kaze akasema. Kisha akapiga paja. "Yule wa nyundo!"

"Huyo!" Wanjiru akapiga kelele.

"Dada, ile ilinitesa! Binamu yangu alinitumia diski kutoka Dar, alirekodi kwa televisheni. Ikafika nyundo, ikakatika. Nikampigia: leta ingine. Akasema, iko imeisha, hakuna ingine. Na watu wangu wamejaa, kila Jumapili, wanataka mwisho. Huyu Mukashema alisema atanivunjia kioo."

"Ningevunja," Mukashema akasema.

"Sasa nifanye nini? Nikachukua diski ya kwanza. Mnakumbuka, mwanzo kabisa Bi Stamili anafungua sanduku lake la harusi? Anatoa nguo, anakaa chini? Na Chande anaingia mlangoni siku ya kwanza? Nikatoa sauti yote. Nikawawekea picha hizo za zamani, mimi nikasema maneno mapya."

"Maneno gani?" Wanjiru akauliza.

Kaze alisita. Kisha akachukua maikrofoni, nadhani bila maikrofoni asingeweza, na spika ile ya kuuzia viatu ikaanza kuongea kwa sauti ya mwanamke. Kwa Kinyarwanda, taratibu. Nilimfasiria Wanjiru sikioni. Hii ni kanzu ya mtoto. Hii niliishona mimi. Ni ya mdogo wangu, tuliyempoteza tukikimbia. Mafundi seremala wakaacha msasa. Kaze akageuza sauti, akawa Chande: dada, nilitaka kuona kama utanitambua. Twende nyumbani.

Halafu, kwa sauti yake mwenyewe, ya msimulizi: wakafunga gesti, wakashika njia ya Nyabugogo.

"Alilia kwanza!" Mukashema akasema. "Umeruka. Alilia kwanza ndipo wakaenda."

"Hakulia," Njoroge akasema. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusema tangu nimkataze. "Alikaa chini tu. Huwezi kulia na mtu anakungoja mlangoni."

"Muzehe, ulikaa nyuma, hukuona!"

"Nilikaa benchi la mbele!"

Wanjiru alikuwa amekaa juu ya kitanda kipya ambacho hakijauzwa, viganja usoni, mabega yanatikisika. Swafiya alimwinamia, kumbe Wanjiru anacheka. Analia na anacheka, huwezi kutenganisha. "Miaka yote hii," akasema. "Miaka yote nangoja mwisho, na baba yangu anao, na mimi namtafutia daktari."

Jeremiah alimwendea Njoroge, akavua miwani. "Mzee, nisamehe. Basi la Nyabugogo nimelikubali."

Wanjiru akatoa simu, akampigia shangazi yake palepale. Nilisikia upande wake tu. Hapana, Jumamosi haji. Hapana, si mgonjwa. Ndiyo, najua umeshatandika kitanda. Akafuta uso, akanitazama.

"Gesi bado tutaiongea," akasema. "Gesi haikuwa sinema."

"Iongeeni," nikasema. "Hata mimi naacha gesi."

Jua lilikuwa limeanza kulegea. Swafiya alikuwa na wageni kwake, Jeremiah akawasha gari. Njoroge na Mukashema walikuwa bado kwenye kulia au kutolia, na Kaze kati yao na maikrofoni, amegeuzwa hakimu, na watu wawili watatu wameongezeka, kila mmoja anasema alikaa wapi siku ile.

"Baba," Wanjiru akaita. "Sisi tunatangulia. Ukimaliza chukua pikipiki, uje nyumbani."

Njoroge alipunga mkono bila kugeuka. Alikuwa anamwonyesha Mukashema, kwa mikono yote miwili, jinsi Bi Stamili alivyokaa chini.