Taya la Wilondja

Asubuhi ya rufaa, Wilondja alisimama mbele ya kioo cha bafu lake huko Rooty Hill, ughaibuni, akanyoa ndevu mara mbili, kwa sababu wakili alimwambia aje na shavu safi ili jaji alione vizuri. Shavu lilikuwa safi siku nyingi. Hapakuwa na kovu, wala uvimbe, wala alama ya uzi. Alipomaliza alijipaka mafuta kidogo, akavaa suti ya kanisani, akakaa kitandani. Aliogopa kana kwamba mshtakiwa ni yeye.

Mshtakiwa alikuwa rafiki yake Masumbuko, aliyempiga. Na alimpiga kweli, tusidanganyane. Ilikuwa harusini, kitongoji cha Liverpool cha jiji lilelile, wawili hao wakagombania maiki, kila mmoja akidai yeye ndiye mshereheshaji. Watu wazima hao, wanapakua makontena pamoja karibu na bandari ya Port Botany mwaka mzima bila neno baya, wakaja kuvunjiana heshima kwa sababu ya maiki! Masumbuko akamtwanga nayo tayani. Maiki ilikuwa imewashwa, kwa hiyo ukumbi mzima ulisikia mfupa ukivunjika. Mtu mmoja akaita polisi, hospitali polisi wakampiga picha za uso, madaktari wakapiga picha ya mfupa, wakamshona.

Wiki iliyofuata wazee wa kanisa wakawapatanisha kama inavyofanyika kwao Uvira. Masumbuko alikuja na mbuzi aliyekwisha kuchinjwa kwenye buti ya gari, akapiga magoti mbele ya watu, akasema, "Nilikosa, ndugu yangu. Sina cha kujitetea." Wakanawishana mikono, wakala sahani moja, Wilondja akitafunia upande mmoja. Kesho yake aliamka akakuta nyuzi za daktari zimelala juu ya mto na taya limeunga. Mkewe akazikung'uta, akatandika kitanda. Msamaha ukiwa wa kweli ndivyo unavyofanya, na watu wa kwao wamewahi kuona makubwa kuliko hayo.

Shida ni kwamba Masumbuko alidhani mahakama nayo ni baraza la wazee. Mchungaji Libère alimwambia, "Ukubali tu, baba. Ukikubali, yanaisha." Kwao anayekana ndiye anayeadhibiwa, anayekubali huletewa maji anawe. Basi akakubali, kichwa amekiinamisha, hata hakimu hajamaliza kusoma shtaka. Wakili wa siku ile hakumwuliza kama ni raia. Hakuwa. Aliishi kwa visa ya kuwa mume wa Généreuse. Akahukumiwa jela miezi kumi na miwili, na sheria inasema mgeni akifungwa mwaka mzima au zaidi, visa yake inakufa. Akitoka jela anapelekwa kizuizini, na kutoka kizuizini ni ndege. Angepewa kumi na mmoja, angebaki. Kwa ajili ya mwezi huo mmoja wakakata rufaa, naye akapewa dhamana akisubiri.

"Mwezi mmoja tu, shemeji," Généreuse alimwambia Wilondja kwenye ngazi za mahakama, amemshika mkono wa suti kama anayeogopa kuanguka. "Siombi makubwa. Waoneshe hilo taya. Mungu wangu, nitamwambia nini mwanangu Bénie?"

"Wataliona," Wilondja akasema. Sauti yake mwenyewe haikumridhisha.

Ndani, wakili mpya alieleza kwamba mteja wake alikiri bila kujua kuwa kukiri kungemtoa nchini. Kisha akamwita Wilondja. Wilondja akasimama, akageuza uso kulia, akageuza kushoto, akafungua mdomo na kuufunga. Jaji, mama mmoja mwenye sauti ya upole, akaomba aletewe picha za polisi. Kwenye picha hizo Wilondja alikuwa amekaa kwenye kitanda cha hospitali na uso mzima, shati halina hata tone la damu. Picha ya mfupa nayo ilikuwa hivyo hivyo. Taya zima.

Mwendesha mashtaka hakubisha. Alisema faili lote limekuwa hivyo tangu wiki ile ya mbuzi, na kwamba ofisi yake imeridhika kuwa hapakuwahi kuwa na jeraha.

"Lakini mshtakiwa alikiri," akasema.

"Ni kweli, alikiri," jaji akasema, akaandika.

Hapo Wilondja alishindwa kuvumilia. "Mheshimiwa!" akapaza sauti, mkalimani akimkimbiza kwa nyuma. "Aliyepigwa ni mimi! Mimi nimesema yamekwisha! Sasa ni nani mwingine anayedai?" Machozi yakamtoka, mtu mzima na suti yake. Jaji akamngoja amalize, akamshukuru kwa kufika, akamwambia maneno yake yamesikiwa. Kisha akasoma uamuzi. Mtu huhukumiwa kwa kosa alilokiri. Mambo ya visa ni ya wizara, si ya mahakama yake. Miezi kumi na miwili ikabaki kumi na miwili.

Masumbuko akavua mkanda, akampa mkewe saa na funguo za gari. Akamtazama Wilondja, akasema, "Umefanya uwezavyo, ndugu," akashuka na askari.

Visa ilikufa akiwa bado hajazoea chakula cha jela. Alipomaliza kifungo alipelekwa kizuizini moja kwa moja, na tiketi ya kumrudisha kwao, alikokuwa amekimbia, ikakatwa. Jumapili ya mwisho Wilondja alimpeleka Généreuse na binti yake wakamuage. Njiani kurudi Bénie, ambaye husikia Kiswahili lakini hujibu kwa Kiingereza, aliuliza kutoka kiti cha nyuma, kwa Kiingereza chake, kama ni kweli baba alimpiga anko.

"Alinipiga," Wilondja akasema. "Alinivunja taya hili hapa."

Msichana akasogea mbele, akalichunguza. Akasema haoni kitu.

"Kwa sababu nilimsamehe, mwanangu."

Bénie akarudi kuegemea kiti. Mama yake alikuwa ametazama dirishani, amejiziba mdomo kwa kitambaa. Kisha mtoto akauliza kwa nini, basi, hakuwaambia wale watu.

"Niliwaambia," Wilondja akasema. "Wakanishukuru."