Kelele Kwenye Redio ya Bi Michiyo

Jirani yetu, Bi Michiyo Orihara, alikuja kutulaumu Jumapili asubuhi, mimi nikiwa juu ya ngazi natundika matunda ya persimoni chini ya upenu zikauke.

"Mama Sugaya, mumeo yuko wapi?"

"Yuko nyuma, anapiga mswaki."

"Mwambie paneli zake zimeniua."

Mume wangu akatokea na povu mdomoni. "Zimekuua vipi, Bi Michiyo, na sauti yako inafika bandarini?"

"Usinitanie. Tangu ufunge hayo makioo yako juu ya paa, redio yangu inanguruma kama jiwe la kusagia. Simsikii Chisato. Wiki baada ya wiki namwita, simsikii."

Akageuka akaondoka. Mume wangu akabaki ameshika mswaki wake. Paneli zile za sola alizipenda kuliko gari lake; kila mgeni aliyekanyaga kwetu alionyeshwa.

Hapa kilimani Hamada kila mtu anamjua Bi Michiyo kwa antena yake, waya mrefu uliotoka dirishani kwake hadi kwenye mwerezi nyuma ya hekalu. Ujanani alipeleka simu za maandishi kwa Morse, ile lugha ya milio mifupi na mirefu, katika ofisi ya posta, na meza ya pili alikaa Chisato. Chisato akaolewa kisiwani Rishiri, kaskazini kabisa, kwenye theluji na mwani. Wote wawili wakachukua leseni za redio, na tangu hapo kila Jumapili asubuhi waligongeana. Simu haikuwafaa tena, maana masikio ya Chisato yalikuwa yamechoka. Maneno ya watu yalimfikia kama mvuke tu. Ila mlio mmoja mwembamba wa Morse, ukipita kwenye hedifoni, bado aliudaka. Redio yake ilikuwa ndogo, nguvu zake haba. Ikivuka nchi nzima hadi kwetu, sauti yake ilikuwa kama mbu aliye chumba cha pili.

Mume wangu alikula chakula cha mchana, kisha akaniambia, "Twende."

"Kugombana?"

"Kuzima."

Alikata swichi kuu ya paneli, tukavuka njia. Bi Michiyo alitufungulia bila kutukaribisha, lakini alisogeza mito ya kukalia. Redio ilikuwa inanguruma kwelikweli. Kila alipozungusha kitufe, ngurumo ilipanda, ikashuka, ikapanda tena mbele kidogo, kama matuta ya barabarani.

"Nimezima zangu zote," mume wangu akasema. "Sasa?"

Kelele ileile.

"Basi kuna mwingine amefunga," Bi Michiyo akasema.

"Niulize kitu. Jua likizama, hii kitu inanyamaza?"

Akainama kufuta vumbi ambalo halikuwepo mezani. Baadaye aliniambia mwenyewe kwamba alishaisikia kelele ile jioni, giza likiwa limeingia na paneli zimelala, naye akajifanya hakusikia. Hasira ikishapata mtu wa kumwangukia, haipendi kuhamishwa.

"Paneli hazifanyi kazi gizani, Bi Michiyo," mume wangu akasema polepole.

"Najua hazifanyi kazi gizani. Mimi si mtoto."

Tukanywa chai. Kisha yeye mwenyewe, bila kuulizwa, akaweka kikombe chini. "Baba Sugaya, kile kigari chako cha mizigo, betri yake ni nzima?"

Mume wangu akaenda kuifungua. Bi Michiyo alichomoa redio kwenye umeme wa nyumba, akaiunga kwenye betri. Ukimya ulioingia mle chumbani nitaukumbuka. Kwa mbali sana tukasikia watu wakigongeana huko duniani, milio midogo safi, kama ndege wadogo juu ya mashamba.

"Ni yangu," akasema. "Kelele imekaa hapa mezani kwangu muda wote."

Alikuwa anatazama kisanduku kando ya redio, pawasaplai yake mpya ya kuipa redio umeme, aliyoanza kuitumia wiki ileile paneli zetu zilipofungwa. Ile ya zamani ilikuwa na transfoma nzito kama chungu cha achari, na mgongo wake haukuiweza tena. Hii mpya ilikuwa nyepesi, kwa sababu inakatakata umeme vipande vidogovidogo, maelfu na maelfu kwa sekunde. Ukataji huo una kelele zake, na ndani mnakuwa na chujio la kuzizuia zisitoke na nyaya. Aliichomeka peke yake, akawasha kiredio cha mfukoni na kukisogeza karibu. Kikafoka kama mafuta yaliyoingia maji.

Aliizima, akaichomoa, akaiacha muda mrefu ili umeme uliobaki ndani uishe, ndipo akafungua mfuniko. Nikamwona anatabasamu vibaya.

"Mama Sugaya, ona rangi hii."

Bati la ndani lilikuwa limepakwa rangi ya kijivu, nzuri, hata chini ya skrubu.

"Nani aliipaka?"

"Mimi. Chumvi ya bahari hapa inakula kila kitu, nikasema niilinde. Chujio linatakiwa ligusane na bati kupitia skrubu hii, limwage uchafu wake huko. Nimeliweka juu ya rangi. Halijagusa kitu."

"Kwa hiyo," mume wangu akasema, "paneli zangu..."

"Baba watoto," nikamkatiza.

Bi Michiyo alikwangua rangi kwa tupa mpaka chuma kikang'aa, akakaza skrubu. Kisha akauzungusha waya wa kutokea kwenye pete nyeusi, ile inayozima kelele za namna hiyo, mara kadhaa kama nyuzi za kufuma. Akafunga, akawasha. Ngurumo haikuisha kabisa. Ilibaki kama mtu anayepumua usingizini. Ilitosha.

Ndipo akapiga magoti mbele ya mume wangu, mikono chini kwenye mkeka, kichwa kikafuata. Mume wangu, mtu wa maneno mengi, alisema tu, "Inuka, Bi Michiyo, chai inapoa," na chai ilikwisha zamani.

Jumapili iliyofuata alituita. Alimwita Chisato kwa Morse mara moja tu, na jibu likaja papo hapo. Alituandikia maneno kwenye karatasi, ya Chisato yakija na yake yakienda, nasi tukasoma juu ya bega lake.

"Wewe mwanamke! Umenisikia?"

"Nimekusikia."

"Kila wiki unaniita, nakujibu, unaniita tena kama umesimama mbele ya ukuta. Nikasema Michiyo amekasirika. Nimemfanya nini?"

Bi Michiyo akagonga kwenye kifaa chake. "Kosa lilikuwa langu. Nilipaka rangi pasipopakwa."

"Wewe na rangi zako. Sikiliza. Nilivunjika nyonga. Mwanangu ananihamishia kwake Sapporo, ghorofani. Antena hawaruhusu. Leo ndiyo mwisho, mwenzangu. Niliogopa nitaondoka bila kukuaga."

Kalamu ikasimama. Mume wangu akatazama dirishani. Mimi nilishika mkono wa Bi Michiyo ule usiogonga, naye hakuuondoa.

Waliongea karibu asubuhi nzima, na wala hawakuongea mambo makubwa. Waliulizana juu ya mwani wa mwaka huu, na juu ya bosi wao wa posta aliyekuwa akisinzia wima. Chisato aliuliza nani yuko chumbani, maana ugongaji wa Michiyo ulikuwa wa mtu anayetazamwa.

"Majirani," Bi Michiyo akagonga. "Wale niliowaonea."

"Waambie asante."

Kisha wakaanza kuagana, kila mmoja akimtaka mwenzake azime kwanza. Chisato ndiye aliyeshindwa, akazima.

Bi Michiyo alivua hedifoni, akaziweka mezani taratibu. "Mkono wake wa kugonga haujabadilika," akatuambia. "Bado anaharakisha herufi ya mwisho."