Ndege za Manjano za Kolonele Zacharie

Bwana yangu Asumani iko mutu ya kichwa ngumu. Wengine wanachunga mbuzi, yeye anachunga ndege zenye hazina mwenyewe. Kila mwaka, baridi ikikamata Ulaya, ndege ndogo-ndogo zinashuka mu matete ya Lubunga, ng'ambo ya mto. Asumani anatega nyavu, anashika, anaangalia, anahesabu kila aina, anaachilia. Hata kula hatuli. Padiri moja ndiye alimufundisha. Uhuru ulipofika padiri alirudi kwao, kazi ikabaki ndani ya bwana yangu kama malaria.

Bon. Mwaka ya Simba, wale waasi, wakati wao ndio walitawala Kisangani, kolonele Zacharie akamuita. Zacharie tulimujua: alikuwa anauzisha samaki ya Basoko, siku moja akaamuka kolonele. Waganga ya Simba walikuwa wamemunyunyizia dawa: risasi ikimugusa inageuka maji, bora tu yeye asiguse kitu ya jiko ya mwanamuke.

"Mwaka jana ndege ya manjano ilijaa mupaka barabarani," akasema. "Mwaka huu naona ya rangi ya udongo tu, inajificha mu matete. Ya manjano iko wapi?"

"Kila mwaka na yake, mon colonel," Asumani akajibu. "Sasa matete imeota sana. Ya manjano inapenda kutembea fasi ya wazi."

"Uongo. Imerudi Ulaya kutuchongea, na wewe ndiwe uliituma. Ijumaa, sala ikiisha, kama haijarudi, tunakupiga risasi."

Wakamufunga. Kulia nililia, kisha nikaenda kwenye nyavu. Zilijaa ndege ya udongo. Na mu nyumba ya watu wa pilau kama sisi, manjano ya kupikia haikosi jikoni. Nikaikoroga na maji, nikapaka moja-moja, shingo na tumbo, huku zinanidonoa. Nikamuomba Mungu anisamehe, na ndege vilevile.

Ijumaa nikapeleka kitunga kizima mbele ya askari yote. Kolonele akashika moja, akafurahi.

"Aha. Imesikia amri."

Asumani, kamba mukononi, akainua kichwa. "Mon colonel, samahani. Hii si ya manjano. Ni ile ile ya udongo."

Yarabi. Muke anakuokoa, wewe unasahihisha. Nilitaka kumupiga kabla risasi haijamufikia.

Zacharie akafungua mukono. Vidole vimekuwa manjano. Akavinusa: pilau. Akaniangalia. Wallahi, mambo ya dawa yake sikuwa nimeifikiria hata kidogo. Nyuma yake askari walikuwa wananyoosha shingo waone.

"Ni ya kweli," akasema polepole.

"Hapana, mon colonel, angalia mukia—"

"Papa Asumani, nyamaza. Unataka tufe wote wawili? Mufungueni, aende."

Akatia mukono mufukoni, na haukutoka tena mupaka tukaondoka na kitunga yetu.

Nyumbani Asumani hakusema asante. Alichota maji ya vuguvugu, akaanza kuosha ndege moja-moja.

"Madina, umeniharibia mwaka. Sasa nitasema ndege gani ilikuja?"

"Sema unavyotaka. Mimi ninahesabu mutu moja tu, na iko hapa mbele yangu, mujinga huyu."

Akachukua ndege ingine. Ndipo nikaona maji yanamwagika ovyo na ndege inashindwa kusimama mu kiganja yake. Nikakaa chini pale pale, nikamushikia ndege, yeye akaosha.