Mashine Isiyo na Nyusi

Sista mstaafu hakuwa mtu wa kutishwa na chombo. Alikuwa amesimamia wodi ya wagonjwa mahututi mpaka nywele zikabadilika rangi, amewasha na kuzima mashine za kila namna, na madaktari wenye vyeo vyao walikuwa wakisikia viatu vyake kwenye korido wanajiweka sawa. Lakini kile kikompyuta alichokuja nacho mtoto wa kaka yake kutoka chuoni, akakitua mezani kati ya birika na kopo la sukari, kilimtia mashaka tangu siku ya kwanza.

"Na hiki ndicho kitakachokufundisha?"

"Hakifundishi, shangazi. Kinauliza."

"Kuuliza hata mimi nauliza!"

Na kweli alikuwa anauliza, jamani. Kaka yake alipofariki alimchukua binti huyu angali mdogo, kamasi zinamtoka, na tangu siku hiyo maswali hayakukauka humo ndani. Alimuuliza hesabu akimsuka nywele. Alimuuliza miji mikuu wakikunja nguo. Binti alipoingia chuo cha uuguzi ndiyo usiseme: dozi, dripu, mapigo ya moyo, yote yaliulizwa jikoni sufuria ikiwa motoni. Na binti alikuwa anajibu. Pengine alijikwaa kidogo, lakini mwisho wa yote jibu lilipatikana, na shangazi alikuwa akiwatambia majirani kwamba huyu wake ana kichwa, si mchezo.

Kwa hiyo ilipokuja habari kwamba binti ameanguka mtihani wa mdomo wa mwaka wa mwisho, shangazi alijua fika wamechanganya majina. Akavaa viatu kwenda kuwashughulikia. Binti ndiye aliyemzuia mlangoni, macho mekundu.

"Ni mimi, shangazi. Usiende."

Aliyemtahini alikuwa mwalimu mmoja ambaye wanafunzi walimwita Nyusi. Alikuwa na nyusi nene, nyeusi, zinazopanda na kushuka zenyewe bila kumwomba ruhusa mwenye uso. "Alinitazama tu," binti alisema, "kila kitu kikanitoka." Chuo kilimpa nafasi moja ya kurudia, moja tu. Akianguka tena anafungasha, na miaka yote ile aliyosoma inakwenda na maji.

Ndipo kikaja hicho kikompyuta. Chuo kilikuwa kimeweka ndani yake programu: unaipa maelezo ya somo, yenyewe inakaa inatunga maswali. Ukiyamaliza inatunga mengine. Ukikosea, haikugombezi. Inaonyesha jibu lililo sawa, inakwenda zake, halafu baada ya muda inakurudishia kosa lako kwa sura nyingine, mgonjwa mwingine, uzito mwingine.

"Inakuvizia," alisema shangazi.

"Ndiyo. Inanivizia."

Siku ya kwanza shangazi alikuwa jikoni anasikiliza. Mashine ilikuwa na mlio wake kwa anayekosea, kitu kama *pip*, na ule mlio haukupumzika. *Pip. Pip. Pip.* Alivumilia, alivumilia, mwishowe akatupa kitambaa.

"Hiyo imeharibika! Mtoto wangu hawezi kukosa yote hayo. Sogea huko nione."

Akavuta kiti, akavaa miwani. Kwenye kioo palikuwa na swali: *Mgonjwa ana damu ya kundi O. Damu iliyopo ni ya kundi A peke yake. Utamwekea?* Binti hakufikiri hata kidogo. Akabonyeza *Hapana*. Vizuri kabisa, shangazi alisema kimoyomoyo, na wala hakutikisa kichwa, maana alitaka kuona hiyo mashine itasema nini.

Mashine ikaandika: *Una uhakika?*

Binti akageuka kumtazama shangazi. Shangazi alikuwa amekazia macho kioo, uso mkavu. Binti akarudi kwenye kioo, akaifuta ile *Hapana*, akabonyeza *Ndiyo, nitamwekea*.

*Pip.*

"Umemuua!" Shangazi aliruka na kiti chake. "Mungu wangu, umemuua mtu! Si ulikuwa umepata? Umebadilisha nini sasa?"

"Imeniuliza kama nina uhakika."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo..." Binti alishangaa kwamba hata jambo hilo linahitaji kuelezwa. "Kwa hiyo si nimekosea?"

Shangazi alivua miwani. Alijaribu kukumbuka ni lini, katika miaka yote ya kusuka na kukunja nguo, alimuuliza huyu mtoto "una uhakika?" baada ya jibu lililo sawa. Hakuikumbuka hata siku moja. Jibu likiwa sawa alikuwa anasema, "Haya, lingine." Jibu likiwa baya aliinamisha kichwa upande, akakaza macho, akasema polepole, "Una uhakika?" Hapo mtoto anabadilisha. Akibadilisha, anasifiwa. *Umeona? Unajua, ni haraka zako tu.*

Kumbe alikuwa akimwonyesha majibu muda wote huo. Na mtoto alikuwa anasoma kweli, tena kwa bidii, ila kitabu chenyewe kilikuwa uso wa shangazi.

"Hebu," alisema. Akachukua kile kitambaa cha jikoni, akakifungua, akajifunika uso mzima mpaka kidevuni. "Ngoja nikuulize. Mtu mzima, mapigo ya moyo ya kawaida kwa dakika ni kuanzia ngapi mpaka ngapi?"

Binti alikikodolea macho kile kitambaa.

"Binti."

"Shangazi, siwezi."

"Huwezi nini? Nimefunika uso, sijafunika swali!"

Binti alianza kucheka, maana mtu mzima aliyekaa mezani na kitambaa chenye alama za masizi kichwani ni kitu cha kuchekwa. Kicheko kikavunjika katikati kikawa kilio. Swali lile hata mtoto wa mwaka wa kwanza analijua. Alilijua na yeye. Lakini pale palipokuwa na macho ya kumwambia *ndiyo, hapohapo, endelea*, sasa palikuwa na kitambaa tu.

"Sikujua kama nafanya hivi," alisema.

"Wala mimi," alijibu shangazi, bado yumo ndani ya kitambaa. Hakukitoa upesi, maana na yeye alikuwa analia. Alikuwa anaona wodi. Anaona daktari mwenye haraka, amechoka, anamgeukia muuguzi kijana anamwambia "una uhakika, sista?", na muuguzi kijana, mwenye dozi iliyo sahihi mkononi, anaibadilisha. Alijua mgonjwa wa kitanda hicho anaishia wapi.

Kuanzia siku hiyo walibadilisha utaratibu. Binti alikaa mezani na mashine. Shangazi alikaa jikoni, mgongo ameugeuzia mlango, marufuku kugeuka. Kabla ya kubonyeza, binti alitakiwa aseme kwa sauti kwa nini amechagua jibu hilo. Na mashine, masikini, ikauliza swali lake lilelile kwa kila jibu, zuri kwa baya: *Una uhakika?* Haikuinamisha kichwa. Haikuvuta pumzi. Ungeikodolea macho mpaka yakuume, usingeambulia kitu.

Mwanzoni ilikuwa balaa. Binti alibadilisha, akabadilisha, akapiga meza, akasema chuo kiende kikapotee. Lakini mashine haikuchoka naye. Ikagundua kwamba udhaifu wake mkubwa uko kwenye dozi zinazokwenda na uzito, ikamng'ang'ania hapohapo: ikamletea mtoto mchanga, ikamletea bibi aliyekonda, ikamletea jitu la miraba minne, wote wanataka dawa na wote wana kilo zao. Siku akifikiri ameachiwa, kesho yake inamrudia na kitoto kingine. Shangazi alisikiliza yote hayo kutoka jikoni akatikisa kichwa. Kitu hakina macho, hakina masikio, hakijamwogesha wala kumbeba mgongoni, lakini kilijua mahali mtoto anapolegea kuliko yeye aliyemlea. Loh! Mwili ulimsisimka, na hakuona haya kukiri.

Mchana mmoja binti ametoka, shangazi alifunga mlango, akakaa mbele ya ile mashine mwenyewe. Swali la kwanza lilikuwa jepesi, la kumchekesha. Akabonyeza kwa madaha.

*Una uhakika?*

Na moyo wake, wa mtu aliyefunga macho ya marehemu na kupokea vichanga, ukaruka. Alilisoma swali upya, akalisoma tena, jibu analolijua kama jina lake. Ndipo akabonyeza. Akakaa pale muda mrefu, ameshika tama, anafikiria jinsi alivyomfanyia mtoto mdogo kitu hiki kila siku iliyokuja na kupita, tena kwa upendo.

Halafu ikaja jioni moja. Shangazi alikuwa anamenya viazi. Kutoka mezani akasikia, "Kwa sababu figo zake hazifanyi kazi vizuri, kwa hiyo dawa itakaa mwilini muda mrefu, kwa hiyo dozi inapungua." Mashine, kama kawaida yake, ikauliza swali lake. Halafu sauti ya binti, haina papara, inaongea na kile kioo kama na mtu:

"Ndiyo. Nina uhakika. Na kesho ukiniuliza nitakujibu hivyohivyo."

Kisu kilisimama. Shangazi hakugeuka, maana ahadi ni ahadi, lakini machozi yalidondokea viazi na aliyaacha yadondoke.

Siku ya mtihani alimsindikiza mpaka kwenye benchi la korido. Mlango wa chumba cha mtihani ulikuwa na tundu za hewa juu, na mtu mwenye masikio mazuri akikaa mwisho wa benchi alisikia yote. Shangazi alikaa mwisho wa benchi.

Nyusi alianza taratibu. Binti akajibu. Nyusi akauliza kama ana uhakika, binti akasema anao. Likaja lingine, na lingine. Halafu Nyusi akasema, "Mtoto ana kilo kumi na mbili. Dozi ni miligramu kumi na tano kwa kila kilo. Dawa uliyonayo ni ya maji, kila mililita tano ina miligramu mia na ishirini. Unampimia kiasi gani?"

Shangazi alipiga hesabu kwa vidole kwenye mkoba. Mia na themanini. Kwa hiyo mililita saba na nusu. Mle ndani kalamu ilisikika ikipita kwenye karatasi, halafu binti: "Mililita saba na nusu."

Kiti kililia. Bila shaka Nyusi alikuwa ameegemea mbele, na nyusi zake zimepanda mpaka kwenye mstari wa nywele.

"Saba na nusu? Una uhakika?"

Na pale kwenye benchi, haki ya Mungu, sista aliyestaafu na heshima zake akayumba. Labda ni sita. Labda alikosea kuzidisha. Alianza vidole upya, mia na themanini, gawa kwa... gawa kwa ngapi? Hesabu ilimtoka yote, kichwa kikabaki cheupe.

"Nina uhakika," alisema binti.

"Mwenzako aliyetoka sasa hivi amesema tisa."

"Basi mwenzangu atampa mtoto dawa kupita kiasi, mwalimu. Naomba aitwe arudie hesabu yake kabla hajafika wodini."

Shangazi alijiziba mdomo kwa mikono miwili. Mle ndani Nyusi akakohoa, na sauti yake ilipotoka ilikuwa nyingine kabisa, sauti ya mtu anayeongea na mwenzake wa kazi.

"Haya," alisema. "Lingine."

Mlango ulipofunguliwa shangazi alisimama upesi, na papo hapo akahangaika, hajui auweke vipi uso wake: autabasamishe, aukaze, aufiche. Miaka yote binti akitoka mahali, kitu cha kwanza ni kumtazama usoni ili ajue ameharibu au amefanya vizuri. Safari hii hakumtazama. Aliinama kufunga mkanda wa kiatu.

"Nimepita," alisema, bado ameinama.

"Amekuambia?"

"Hajaniambia. Matokeo ni Ijumaa."

"Sasa wewe umejuaje?"

"Najua nilichojibu, shangazi."

Maneno yalimfika shangazi kwenye ncha ya ulimi, yale mawili aliyoyazoea, akayameza pamoja na mate. Alimwangalia mtoto wa kaka yake akinyoosha mgongo na kuchukua mkoba wake, na alimwona mgeni, mtu mzima aliyeingia kwenye korido kutoka mahali ambapo yeye hajawahi kufika. Aliogopa kidogo. Alifurahi mpaka kifua kikamuuma.

Ijumaa matokeo yalibandikwa ukutani asubuhi na mapema, na shangazi alikuwa ameshavaa tangu alfajiri. Binti alikunywa chai yake kwanza, akaimaliza, akasuuza kikombe, ndipo wakatoka kwenda kuliona jina lake.