Nilivyomsindikiza Ratka

Mlango wa daktari hauna kishikio kwa nje. Nesi ndiye hufungua, akitaka. Sisi wengine tunaukodolea macho. Tangu saa moja asubuhi tulikaa koridoni, mimi na Ratka, na kila nesi alipotokeza kichwa, bibi mmoja wa kilemba cha kijani alijipenyeza: "Nauliza tu, mwanangu, nauliza tu." Akaingia, akakaa huko robo saa akiuliza.

"Nikianza kuongea utanyamaza?" Ratka aliniuliza kwa mara ya tatu.

"Kama jiwe."

"Spase, wewe hata kanisani hujawahi kunyamaza."

Tumekulia jengo moja hapa mjini Štip. Yeye hushona kola katika kiwanda cha mashati. Tangu mwaka jana tumbo la chini linamkata kila mwezi mpaka anaanguka kando ya cherehani. Mara tatu ameingia humu, mara tatu ametoka na vidonge na maneno yale yale: upepo wa dirishani umempiga, na asikae kwenye saruji baridi. Leo alitaka kitu kimoja tu, karatasi ya rufaa aende kwa daktari bingwa Skopje, mji mkuu. Siku zote za maumivu alikuwa ameziandika kwenye karatasi yake mwenyewe, na hiyo ameikunja na kuikunjua mpaka imeanza kuchanika.

"Ratka! Haraka!" nesi aliita. Tukaingia.

Daktari, mama wa makamo, hakumtazama Ratka. Alinitazama mimi.

"Wewe ndiye mume?"

"Rafiki."

"Basi muoe. Akizaa yataisha."

Ratka akaanza kusoma. "Daktari, tarehe tatu Septemba nilizimia, halafu—"

"Kazini dirisha liko nyuma yako?"

"Liko, lakini—"

"Si unaona? Upepo." Akanigeukia. "Mnunulie fulana ya sufu."

Damu ikanipanda. Nilimwambia hiyo fulana aivae yeye masikioni, maana ndiko baridi imeingia. Nikaendelea. Nilisema mengi, nikayasema vizuri, kila neno na makali yake. Daktari aliweka kalamu chini, akasikiliza, na kadiri nilivyozidi kusema ndivyo Ratka alivyozidi kudidimia kitini. Nilipomaliza, daktari aliniuliza mimi: "Huwa anavimba tumbo?"

Na mimi, mpumbavu, nikafungua mdomo kujibu.

"Spase," Ratka alisema. "Toka nje."

"Lakini mimi—"

"Toka. Na wewe pia hunipi nafasi ya kumaliza."

Mlango ukafungwa nyuma yangu.

"Umefukuzwa?" bibi wa kilemba aliuliza. "Mkeo?"

"Si mke wangu."

"Kumbe alishakujua mapema."

Korido nzima ikacheka. Mimi nilitega sikio kwenye mbao.

"Basi andika kwamba nimeomba na umekataa," sauti ya Ratka ilisema. "Andika sababu ni upepo. Kisha gonga mhuri."

"Binti, nina watu arobaini huko nje!"

"Najua, nimekaa nao. Andika."

"Inuka."

"Siinuki."

Ngumi yangu ilikuwa imeshafika juu, tayari kugonga. Ningegonga tu, shauri lingekuwa langu tena. Niliishusha mfukoni, nikaibana humo kama mbwa mkali. Kusimama pale bila kazi kulinichosha kuliko ugomvi wowote niliowahi kuuingia.

Alipotoka alikuwa amepauka, jasho shingoni, na karatasi ya rufaa mkononi, mhuri bado mbichi.

"Umeshinda!"

"Soma tarehe ya kwenda."

Kumi na tisa Machi. Tulikuwa Oktoba, tarehe ishirini na mbili.

"Miezi mitano! Narudi humo sasa hivi—"

"Hurudi popote. Hakuna nafasi ya karibu zaidi, nimemwambia atafute mara mbili, skrini ya kompyuta yake nimeiona mwenyewe." Akaegemea ukuta, akakunja vidole kimoja kimoja, midomo ikitaja miezi bila sauti. "Nitaanguka mara tano," alisema. "Halafu Skopje."

Akanishika mkono kwa nguvu, maana ngazi zilikuwa mbele yetu na tumbo lilikuwa limeshaanza kumkata.