Nukuu Ambazo Mama Hafungi

Siku tatu nzima nilikuwa naitafutia kasoro programu moja, nami nikaambulia patupu. Kazi yangu ndiyo hiyo, kujaribu programu kabla watu hawajaumizwa nazo. Hii iliandika kila tukio kwenye kompyuta za hospitali: nani kaingia, mashine ipi imezimwa, ujumbe gani umefika. Tatizo, ikifanya kazi wiki moja hivi inavimba, inajaza memori yote ya kompyuta, halafu inazimika.

Nilishuku mistari mibovu ya taarifa inazopokea. Nikailisha maneno yaliyokatika katikati na tarehe za mwezi wa kumi na tano. Wapi! Kipimo cha memori hakikutikisika.

"Si nilikwambia haina neno?" alisema aliyeiandika, jirani yangu wa meza. Ofisini tunamwita Bwana Safi, maana hufuta kibodi yake kila asubuhi.

Mchana simu yangu ikatoa mlio wa ujumbe. Alikuwa mama, mshonaji mstaafu, anayeandika bila kuvaa miwani:

Mwanangu shangaz ako kasema "nakuja jmosi nami nikamwambia "njoo tu,, na wewe uje usikonde

Nikacheka peke yangu. Kisha nikausoma tena. Mama alikuwa amefungua alama mbili za nukuu, hakufunga hata moja. Mimi kwa siku tatu nilifunga kila nilichofungua. Hata makosa yangu yalikuwa na adabu!

Nikampigia. "Mama, naomba kutumia jumbe zako kazini. Majina nitayafuta."

"Zina nini cha maana?"

"Zimeandikwa ovyo."

"Nimekuzaa, nimekusomesha, leo hii unaniambia naandika ovyo?"

"Ndivyo ninavyotaka, mama. Lakini mbona hufungi nukuu?"

"Nifunge ya nini? Shangazi yako akianza kusema, wewe umewahi kumsikia akimaliza?"

Nikakusanya jumbe zake za mwaka mzima, nikazipitisha kwenye programu mara elfu kadhaa. Kipimo cha memori kikaanza kupanda. Bwana Safi akavuta kiti, akakunja mikono ya shati. Kumbe kila nukuu iliyoachwa wazi ilitengewa nafasi kwenye memori, ikisubiriwa ifungwe. Mstari ukikataliwa, ile nafasi hairudishwi.

Alirekebisha mistari minne tu ya programu yake. Tulipojaribu tena, memori ikawa inapanda kidogo na kushuka, hadi saa kumi na moja jioni. Bwana Safi akaniletea chai, jambo ambalo hakuwa amewahi kulifanya.

Nikiwa njiani kurudi nyumbani nilimpigia mama, nikamweleza yote taratibu.

"Kwa hiyo hospitali imepona?" akauliza.

"Imepona, mama."

Wiki ile nzima aliwatangazia majirani kwamba siku hizi yeye na mwanawe wanafanya kazi pamoja, mambo ya kompyuta. Waliponiuliza, nikawaambia ni kweli.